Dala na Thim: Udugu na Maadili ya Kuhamia Nchi ya Mawindo

Utangulizi

Mjadala kuhusu mtu na jamii yake ni mkongwe katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, mara nyingi huendeshwa kana kwamba safari ni moja tu, ile ya kutoka kijijini kwenda mjini. Kijana huliacha shamba la baba yake, huingia Nairobi au Mombasa, hupotoka, kisha hurejea akiwa amevunjika. Msuko huo umerudiwa kiasi cha kuwa desturi. Makala haya yanashughulikia safari ya aina nyingine, isiyozungumzwa mara nyingi. Ni safari ya mtu anayewaacha wazee wake kwa ajili ya pori. Hutoka katika kijiji chenye watu wengi na ardhi haba, akaenda kwenye nchi ya mawindo, ambako ardhi ni tele, wanyama ni wengi na ndugu hawapo. Swali linaloulizwa hapa ni la kimaadili: je, mtu mwenye uwezo wa kuondoka ana haki ya kuondoka? Na ikiwa anayo, udugu unamdai nini?

Mfano utakaotumiwa ni ule wa mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria, yaani Kisumu na nchi za Seme, Asembo na Nyanza Kusini zinazolikabili Ghuba ya Winam. Huko ndiko inakoanzia riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966, na huko ndiko dhana mbili za Kijaluo, dala na thim, zinakotoa msamiati wa kulipima swali hili.

Ushahidi wa methali

Mtu akitafuta jibu katika hekima ya Waswahili atalipata, na shida yake itakuwa kwamba amepata mawili. Methali moja husema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Nyingine husema kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure. Wahakiki wengine huuchukulia mgongano wa aina hii kuwa udhaifu wa methali kama chombo cha fikra. Mtazamo huo haufai. Methali haisemwi na lugha, husemwa na mtu, mahali fulani, kwa haja fulani. Ile ya kwanza huelekea kusemwa na anayebaki, na ile ya pili na anayefunga mzigo. Kila moja ni ushahidi wa upande mmoja wa shauri. Kwa hiyo, badala ya kuuliza ni methali ipi iliyo ya kweli, inafaa kuuliza ni nani anayebeba gharama ya uamuzi unaotetewa na kila mojawapo. Swali hilo ndilo litakaloongoza uchambuzi unaofuata.

Kuondoka kama wajibu

Katika Kijaluo, ot ni nyumba, bali dala ni makao yaliyoanzishwa kwa taratibu za jadi, yenye lango, boma na nafasi ya kila mwana. Thim ni pori, nje ya mipaka ya watu, mahali pa wanyama na wawindaji. Kwa mtazamo wa haraka, dhana hizi zinaweza kudhaniwa kuwa zinatoa hukumu: dala ni wema, thim ni hatari, na anayetoka katika ya kwanza kwenda katika ya pili ametenda kosa.

Desturi yenyewe haisemi hivyo. Mwana wa Kijaluo aliyeoa na kuzaa hatarajiwi kukaa daima ndani ya boma la baba yake. Hutarajiwa kutoka na kuanzisha dala yake, tendo linaloitwa goyo ligala. Hutoka akiongozwa na baba, au mzee anayesimama mahali pa baba, akiwa na mkewe na mwanawe wa kwanza, na vitu kama jogoo, shoka na moto. Wakubwa hutangulia wadogo, na kitindamimba ndiye kwa kawaida hubaki katika makao ya wazazi. Kuondoka, basi, hakuuvunji udugu. Ni sehemu ya muundo wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba desturi hii hujibu maswali matatu kabla mtu hajapiga hatua: nani anaondoka, nani amemruhusu, na nani anabaki na wazee. Ligala ya kawaida haiwi mbali, na kwa sababu hiyo majibu hayo hutosha. Ugumu huanza pale umbali unapokuwa mkubwa kiasi kwamba baba hawezi kumwongoza mwanawe, wala mwana hawezi kuitika anapoitwa.

Uzito wa suala hili ulidhihirika mbele ya umma wa Kenya katika kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki mnamo Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka azikwe Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mojawapo ya hoja zilizozozaniwa ni kama makao ya marehemu nje ya nchi ya wazee wake yalikuwa dala au yalikuwa nyumba tu. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliamua kwa kuupendelea ukoo, naye akazikwa Nyalgunga. Lolote lile litakalosemwa juu ya haki ya hukumu hiyo, kesi ilionyesha kwamba udugu haudai kazi na mali za aliye hai peke yake. Unaweza kuudai hata mwili wake baada ya kufa.

Ochola na Nyapol

Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, aliliweka swali hili katika ndoa changa. Ochola, kijana wa Seme, anavutwa na sifa za wale waliotangulia kwenda Tanganyika, ambako inasemekana ardhi ni pana na yenye rutuba. Mkewe, Nyapol, hataki kwenda. Wanakwenda. Ochola anastawi, na ustawi huo unamchukiza mzee jirani mwenye nguvu za uchawi. Mwili wa Ochola unaota miiba. Hospitali inashindwa, na hatimaye anaponywa na mganga wa jadi kwa sharti la kuiacha nchi ile mara moja. Familia inarudi Nyanza, na mali aliyoihangaikia inabaki nyuma.

Ni rahisi kuisoma riwaya hii kama kisa cha maonyo: aliyeiacha asili ameadhibiwa. Usomaji huo una mashiko kiasi, kwa kuwa mwisho ni wa kurejea. Lakini haulingani na msuko wenyewe. Laana haikutoka kwa wazee wa Seme, ambao ndio walioachwa. Ilitoka kwa jirani wa ugenini. Kama kosa la Ochola lingekuwa ni kumwacha baba tu, adhabu ingetarajiwa kutoka upande wa baba. Riwaya, kwa hiyo, inaelekeza macho penginepo, yaani katika uhusiano wa mhamiaji na nchi aliyoiingia, na katika uhusiano wake na mtu aliyemchukua aende naye.

Huyo wa pili ni Nyapol. Watetezi wa uhuru wa mtu binafsi humtaja Ochola kama mtu aliyethubutu kuchagua. Hoja hiyo inasahau kuwa waliosafiri walikuwa wawili na aliyechagua alikuwa mmoja. Nyapol alikwisha kuyaacha makao ya wazazi wake alipoolewa, na sasa anatakiwa ayaache makao ya pili kabla hajayazoea. Watetezi wa udugu nao humtaja baba aliyeachwa, bali hawamtaji mke aliyechukuliwa. Kwa namna hiyo pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja bila kujua: kwamba ridhaa ya Nyapol haihesabiki. Hapa ndipo Ogot anapowapita wahakiki wake wengi, kwa kuwa anayaanika mashaka ya Nyapol mapema, kabla ya safari na kabla ya miiba.

Nchi isiyo tupu

Sasa inafaa kuitazama nchi inayohamiwa. Anayehama huiita nchi ya mawindo kwa sababu anawaona wanyama na haoni mashamba. Lakini historia ya mwambao huu inafundisha tahadhari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kandokando ya ziwa, na sehemu kadhaa zilizokuwa na wakazi zikaachwa zikawa vichaka vya mbung'o na wanyama. Pori, katika hali kama hiyo, si mwanzo wa nchi. Ni kaburi la makazi ya awali.

Bonde la Lambwe, kusini mwa ghuba, ni kielelezo kizuri. Ndani yake mna Mbuga ya Taifa ya Ruma, iliyoanza kama hifadhi mwaka 1966 na kupewa hadhi ya mbuga ya taifa mwaka 1983, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 120, na ambayo ndiyo kimbilio la mwisho nchini Kenya la swala mkubwa aitwaye korongo. Pembezoni mwake walihamia watu kutoka sehemu zenye msongamano, wakitafuta ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 malale yalizuka tena bondeni humo. Aidha, tangu mwaka 1977 uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya, na mhamiaji wa leo akimuua mnyama wa porini huhesabiwa kuwa jangili. Kwa hiyo nchi ya mawindo ina wenyewe: ina majirani, ina serikali, ina maradhi na ina viumbe wenye haki zao. Wajaluo walilitambua jambo hili zamani, kwani walikuwa na neno jadak kwa mgeni anayepewa ardhi ya kulima na wenye nchi, naye akaishi kwa hisani yao. Ochola aliiona ardhi. Hakuiona nafasi yake ya ujadak.

Hata jina la riwaya linabeba onyo hilo. Nchi ya ahadi katika Biblia ilikuwa na wakazi kabla ya kuahidiwa.

Udugu unadai nini?

Huenda pakatolewa pingamizi kwamba, kama kila mhamaji angengoja ridhaa ya wote, hakuna ambaye angehama, na Wajaluo wenyewe, waliofika ziwani kwa mwendo wa vizazi vingi kutoka upande wa Mto Nile, wasingelifika. Pingamizi hili ni zito. Tena kubaki nako si lazima kuwe ni kulinda udugu. Shamba linapogawanywa mara tatu, minne, hadi likawa ukanda wa kutosha mbuzi wawili, ndugu wanaobaki hugombea mpaka, na ugomvi wa mpaka huweza kurithiwa. Ibrahimu na Lutu walitengana kwa sababu nchi haikuwatosha pamoja, na kutengana huko kuliwaepusha na ugomvi. Kuna kuondoka kunakookoa udugu.

Kwa hiyo haifai kuwapa wazee haki ya kumzuia mwana. Wanachostahili ni hesabu: nani atawachotea maji, nani atakaa kitandani pao wakiugua, nani atawazika. Hesabu hiyo haiwezi kulipwa kwa fedha peke yake. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu aliye mbali aweza kumtumia mama yake fedha za dawa kabla chai haijapoa, na hilo ni jambo jema. Lakini fedha haimnyanyui mgonjwa. Pana ndugu, mara nyingi dada asiyeolewa, mke wa kaka au kitindamimba, anayeyafanya yale ambayo fedha haiyafanyi, naye ndiye anayelipa nauli ya kweli ya safari ya mwenzake. Kumtumia mama na kumsahau huyo ni kulipa deni kwa asiyekukopesha.

Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa swali la awali liliulizwa kwa namna isiyofaa. Kuhama si dhambi na kubaki si fadhila. Uamuzi wa kuliacha dala kwa ajili ya thim hupimwa kwa kuwatazama watu watatu ambao hawakuamua: anayebaki na wazee, anayechukuliwa safarini, na anayekutwa katika nchi mpya. Ligala ya jadi iliwaweka watatu hao mbele ya macho, kwa kuwa umbali ulikuwa mfupi. Umbali unapozidi, desturi haiwezi tena kumfikiria mtu kwa niaba yake, naye hana budi kufikiri mwenyewe. Ochola wa Ogot hakushindwa kwa sababu aliondoka Seme. Alishindwa kwa sababu aliondoka, akasafiri na akafika bila kumuuliza hata mmoja wa watatu hao, na mganga aliyeitoa miiba mwilini mwake hakuwa na dawa ya hilo.