Kutangulia si Kufika

Kila mwezi wa Mei, siku chache kabla mbio za baiskeli za Giro d'Italia hazijaanza, mimi huandika majina matatu nyuma ya kalenda ya jikoni. Huyaandika kwa wino, si kwa penseli, nisije baadaye nikajidai kwamba nilijua. Mwaka 2025 niliandika Primož Roglič, Juan Ayuso na Richard Carapaz. Sikuwa na ujuzi wa pekee. Waandishi wa Ulaya, ambao huwagawia waendesha baiskeli nyota kuanzia moja hadi tano, nao waliwapa nyota nyingi wawili wale wa kwanza. Roglič alikwisha kulitwaa taji hilo mwaka 2023. Ayuso alikuwa kijana wa miaka 22 ambaye nyota yake ilikuwa iking'aa kweli.

Roglič akaanguka, akaanguka tena, na katika hatua ya 16 akajitoa. Ayuso aliumia goti, kisha nyuki akamuuma karibu na jicho, na katika hatua ya 18 akashuka kwenye baiskeli yake, basi. Kati ya watatu wangu ni Carapaz peke yake aliyeuona mji wa Roma siku ya mwisho, naye akiwa wa tatu.

Kiswahili kina maneno matamu ya kumwelezea mtu ambaye watu wanamtarajia ashinde: husema anapigiwa upatu. Upatu ni sahani ya shaba, na mlio wake hufika mbali. Lakini anayeupiga ni mwingine na anayepigiwa ni mwingine. Mlio ni wetu sisi tuliokaa kivulini. Mlima ni wake yeye.

Ugumu wa kubashiri mbio za namna hii umo ndani ya hesabu yake. Giro, kama zilivyo Tour de France na Vuelta a España, ni mbio za wiki tatu: hatua 21, na kwa mwaka ule jumla ya kilomita 3,400 hivi. Muda wa kila siku hujumlishwa na wa jana, na katika Giro mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye huvaa jezi ya waridi. Anayeshinda hatua ya kawaida hupunguziwa sekunde 10. Hayo ndiyo malipo ya siku njema. Siku mbaya nayo ina bei yake, na bei hiyo haina mwisho.

Kaskazini-magharibi mwa Italia kuna mlima uitwao Colle delle Finestre. Kuupanda ni zaidi ya kilomita 18, hadi mita 2,178 juu ya usawa wa bahari, na kilomita nane za mwisho hazina lami. Ni changarawe na vumbi, kona juu ya kona. Tarehe 25 Mei 2018 Mwingereza Simon Yates alifika chini ya mlima huo akiwa na jezi ya waridi mgongoni. Alikuwa ameivaa kwa siku 13 na ameshinda hatua tatu. Upatu wote ulikuwa wake. Mlima ulipoanza kukaza, miguu ikagoma. Wenzake wakamgeukia, wakampoza, wakaendesha taratibu pembeni yake kama watu wanaosindikiza mgonjwa. Jioni ile alikuwa amepoteza zaidi ya dakika 38.

Siku hiyo hiyo, juu ya changarawe ile ile, Chris Froome alichoropoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita 80. Huyu ni mzaliwa wa Nairobi, aliyelelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu, kwa hiyo barabara ya vumbi si kitu cha kumtisha. Asubuhi alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika tatu, na wengi walikwisha kumsomea hitima. Alishinda hatua ile, na siku mbili baadaye akalitwaa taji kwa tofauti ya sekunde 46. Watu walisema ni wazimu, lakini wazimu ule ulikuwa umepangwa: watu wa timu yake walikuwa wamejipanga kando ya njia, kila mmoja mahali pake, wakimpokeza chupa na chakula ili asibebe uzito mlimani.

Miaka saba ikapita. Tarehe 31 Mei 2025, siku moja kabla ya mwisho, njia ya Giro ilirudi Finestre. Jezi ya waridi ilikuwa kwa Isaac del Toro, kijana wa Meksiko mwenye miaka 21. Carapaz alikuwa wa pili. Yates alikuwa wa tatu, nyuma kwa dakika moja na sekunde 21, na hakuna aliyekuwa akimwangalia sana. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba tangu njia ya mbio ilipotangazwa, mlima ule ulikuwa umemkaa moyoni.

Yates alipowaacha mlimani, Del Toro na Carapaz walibaki wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ndiye amfukuze. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Upande wa pili wa mlima, Wout van Aert wa timu ya Yates, aliyekuwa ametangulia mbele tangu mapema, alipunguza mwendo akamsubiri. Yates alipofika, Van Aert akakaa mbele yake bondeni, akimkinga upepo na kumvuta kuelekea Sestriere. Yates alivuka mstari, na alipofahamu kuwa jezi ni yake, akalia mbele ya kamera bila kuficha uso. Kesho yake huko Roma alitawazwa bingwa kwa tofauti ya karibu dakika nne.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi, na kila mara naiona kasoro ya kalenda yangu. Ninapoandika majina matatu huwa najiuliza: nani ana nguvu kuliko wote? Mbio za wiki tatu huuliza jambo jingine. Huuliza: siku yako mbaya ikifika, itakugharimu kiasi gani, na nani atakuwa karibu nawe? Nguvu hupimwa kwa mizani na mashine. Moyo wa kurudi miaka saba baadaye penye mlima uliokuumbua hauna kipimo. Hata hiari ya Van Aert kuacha nafasi yake mwenyewe na kupunguza mwendo kumngoja mwenzake haionekani kwenye nyota tano za mtu yeyote.

Siachi kubashiri kwa sababu hiyo. Kubashiri ni kuliweka neno lako hadharani na kukubali lipimwe, na mtu anayelikwepa jaribio hilo hajifunzi. Anayeandika kwa wino huona alikosea wapi. Anayesema baada ya mbio kwamba alijua, huyo hajui hata kwamba hajui.

Ila wapo watu tunaowabashiria kila siku, nao hawakuomba kuingia kwenye mashindano yoyote. Mtoto anafeli mtihani mmoja, na barazani mjomba anakata kauli: huyu hafiki popote. Binti duka lake linafungwa, na majirani wanasema biashara si fungu lake. Tunaichukua siku moja ya Finestre tunaifanya wasifu mzima wa mtu. Tena utabiri huo hatuuandiki popote, kwa hiyo haturudi kuusoma, na ukituangukia hatuombi radhi. Waliosema mwaka 2018 kwamba Yates si mtu wa wiki tatu walipata angalau aibu ya magazeti yaliyohifadhiwa. Mjomba wa barazani hana kumbukumbu ya kumsuta. Mtoto anayo.

Wahenga walisema kutangulia si kufika, wakasema pia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali ya kwanza tunapenda kumwambia anayejivuna. Ya pili tunaisahau, ilhali ndiyo anayoihitaji aliye nyuma kwa dakika 38.

Kalenda ya 2025 bado ninayo, na majina yangu matatu yamo nyuma yake. Nawe ukimbashiria mtu, andika, na uweke tarehe. Kisha, kabla mwaka haujaisha, rudi usome ulichoandika, na kama ulikosea, nenda ukamwambie.