Mahali Pasipo Mlinzi

Je, mtu afanyeje mahali ambapo hakuna amwonaye? Swali hili hujibiwa upesi kwa maneno. Kwa matendo hujibiwa kwa shida. Mfano wa Marekani waweza kulieleza.

Tarehe 21 Agosti 2017 jua lilipatwa huko. Mwezi ulipita kati ya jua na dunia, na kivuli chake kikaivuka nchi ile toka bahari ya magharibi hata bahari ya mashariki. Jambo hili si uchawi wala si dalili ya msiba. Upana wa jua wapita upana wa mwezi mara 400 hivi, lakini jua nalo li mbali kuliko mwezi mara 400 hivi; kwa hiyo machoni pa watu vyalingana, na kidogo chaweza kufunika kikubwa. Kivuli cha namna hiyo kilipita hata juu ya Kongo, tarehe 3 Novemba 2013.

Watu wengi walisafiri mpaka jimbo la Oregon, na wengine wakapiga hema katika nyika za serikali. Nyika hizo ni mali ya raia wote, nazo ni kubwa mno: ofisi moja tu ya serikali yatunza hekta milioni 99 hivi katika Marekani. Kwa kawaida mtu huruhusiwa kulala huko hata siku 14 bila kulipa. Hakuna bomba, hakuna choo, na mlinzi hupita kwa nadra. Sheria ni chache: takataka zirudi na mwenyewe, aendaye haja achimbe shimo la sentimeta 15 hata 20, mbali na maji, na wakati wa ukavu mkali moto usiwashwe. Mwezi ule misitu ya Oregon ilikuwa ikiungua mahali pengi.

Basi, fikiri baba mmoja aliyefika huko pamoja na mwanawe. Usiku una baridi, kuni zi karibu, kiberiti kimo mfukoni. Mtoto asema: "Baba, tuwashe moto mdogo tu. Nani atatuona?"

Wako wasemao: "Nchi ya wote ni yangu pia, nitaitumia nipendavyo." Neno hili ni kweli nusu. Ni yake, lakini ni ya yule ajaye kesho pia, na ya mtoto ambaye hajazaliwa. Achomaye shamba lake hupoteza chake. Achomaye nyika ya wote huwapotezea watu wasioweza kumzuia.

Wengine husema: "Moto mmoja si kitu." Lakini chemchemi ya kijiji huchafuliwaje? Haichafuliwi na watu wote siku moja, bali na mmoja mmoja, kila mtu akisema, "Ni mimi tu."

Neno la tatu ndilo gumu: mtoto aona baridi, na baba ampenda. Kama uhai wa mtoto ungekuwa hatarini, uhai ungetangulia. Lakini hapa blanketi latosha. Baba avua blanketi lake, amfunika mwanawe, naye aketi akitetemeka hata alfajiri. Hivyo mtoto apata joto, na nyika yabaki salama. Gharama ailipa baba mwenyewe. Kwa jambo hilo mtu mwema hujulikana: hawatwishi wengine gharama ya raha yake.

Asubuhi wangoja, wakitazama kwa miwani ya kukinga macho, kwa maana jua lililofunikwa nusu huweza kuyapofusha. Karibu na mji wa Madras, saa 4 na dakika 19, jua lafunikwa lote. Kwa muda wa dakika 2 hivi mbingu zaingia giza, na taji jeupe laonekana kulizunguka jua. Kisha nuru yarudi. Baba akunja hema, aokota takataka zake, na kopo la mtu mwingine pia.

Maswali ya kufikiri:
1. Mali ya wote katika kijiji ni ipi, na nani huitunza?
2. Raha gani ya mtu mmoja hulipwa na wengine?
3. Mtoto yule alijifunza nini usiku, kabla ya kuona jua likipatwa?