Jina Lililo Kwenye Kete

Kete ya karata haina thamani yake yenyewe. Mezani husimama badala ya fedha, na mchezo ukiisha hurudi kisandukuni. Basi anayekusanya kete za zamani anakusanya nini hasa?

Chukua zile za gamba la chaza wa lulu zilizochongwa Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton. Kuanzia 1757 hadi 1842, wafanyabiashara wa Kiingereza waliruhusiwa kununua na kuuza China katika bandari hiyo tu. Meli zilizopakia chai na hariri zilileta pia kete hizi: za mviringo, za mstatili, na za umbo la samaki. Familia tajiri za Uingereza ziliagiza zao zichongwe nembo ya ukoo au herufi za majina. Ndiyo maana katika Pride and Prejudice ya Jane Austen, iliyotoka 1813, Lydia anasimulia samaki aliowapoteza na aliowapata mchezoni.

Mimi ninayo moja, samaki mwembamba mwenye kichwa cha ndege na herufi mbili tumboni. Ushauri wa wakusanyaji ni uleule: fungua kitabu cha nembo. Ukiipata familia, kete inapata historia, na bei inapanda.

Hapo ndipo ninapokwama. Kitabu kinamtambua aliyeagiza, hakimtambui aliyechonga. Aliyeichezea jioni chache ana jina, tarehe ya ndoa na kaburi. Aliyeinamia gamba hilo mpaka nakshi ikatimia hana hata herufi moja.

Utaniambia mwandishi hawezi kuandika asichokijua. Ni kweli. Lakini kunyamaza si sawa na kukiri kwamba hujui. Kitabu kikisema kete ni ya familia fulani, kisha kikaweka nukta, kinamfundisha msomaji kwamba swali limekwisha.

Sidhani haki inatudai tubuni jina. Inatudai tuache nafasi yake wazi, mahali inapoonekana. Kwenye kadi ya kete yangu nimeandika mistari miwili. Wa kwanza: mwenyewe, bado ninamtafuta. Wa pili: mchongaji, mtu wa Guangzhou, jina halijulikani.

Mstari wa kwanza nikiujaza, nitaweza kuiuza kete kwa bei nzuri zaidi. Wa pili hautaongeza hata senti moja, na huenda usijazwe kamwe. Hata hivyo, kete ikitoka mikononi mwangu, kadi itaondoka nayo ikiwa na mistari yote miwili.