Ini Husamehe, Lakini Si Daima

Mvua za masika zikishika katika nyanda za Iringa, wagema hukata ncha za mianzi michanga, na utomvu hudondoka usiku na mchana. Asubuhi ulanzi ni mtamu. Ukilala huwa mkali. Majira hayo mara nyingi huangukia Kwaresima, hata mwanzi hutiririka wakati ule ule Kanisa linapotuita kufunga.

Hatuulaumu mwanzi, wala mahindi yanayopikwa komoni kule Mbeya. Bwana wetu mwenyewe alihudhuria arusi ya Kana. Twasema juu ya ulevi, na juu ya kiungo kinachotwikwa mzigo wake kimya kimya, yaani ini.

Baba wa nyumba aweza kwenda hospitali, kama ile ya Tosamaganga au ya Rufaa ya Mbeya, kwa ajili ya neno jingine kabisa. Damu yake ikapimwa, akaambiwa kwamba vimeng'enya vya ini vimepanda. Maana yake nini? Vimeng'enya hivyo hufanya kazi ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia huvuja, navyo huonekana kwa wingi katika damu. Pombe si sababu pekee, maana homa ya ini na dawa nyingine huweza kuleta hali hiyo. Lakini kwa mnywaji, pombe ni ya kwanza kuulizwa.

Sasa sikieni habari njema. Muumba alilipa ini nguvu ya kujijenga upya. Mnywaji ambaye ini lake limejaa mafuta tu, akiacha pombe kabisa, mara nyingi mafuta hayo hupungua katika majuma machache, na hesabu za damu hushuka. Huu ni mfano wa rehema ulioandikwa ndani ya miili yetu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu ajizuia Kwaresima nzima, apimwa tena, aonyeshwa karatasi yenye hesabu nzuri. Naye aichukua karatasi ile na kwenda kuishangilia kilabuni! Huyo amedhani kwamba kusamehewa ni kupewa ruhusa. Je, tofauti yake ni nini na yule atokaye kitubioni akirudia dhambi ile ile makusudi? Ini linaloumizwa miaka mingi hufanya makovu, na makovu yakikomaa hayafutiki kwa urahisi. Tena ini lenye makovu laweza kuonyesha hesabu za kawaida, na mgonjwa akadanganyika. Hata hivyo asikate tamaa, kwani hata huyo akiacha pombe huongeza siku zake. Kumbukeni mtini usiozaa, ambao mtunza shamba aliuombea mwaka mmoja zaidi. Muda ule ulitolewa ili uzae, haukutolewa ili uendelee kuwa tasa.

Lakini twaonya: aliyezoea kunywa sana kila siku asiikate pombe ghafla akiwa peke yake. Aweza kutetemeka, kuweweseka, kupatwa na kifafa, hata kufa. Kwanza amwone daktari. Wala asikimbilie dawa za kusafisha ini zinazouzwa njiani, maana nyingine huliumiza zaidi.

Nanyi jamaa zake, msimwache. Matt Talbot, kibarua wa Dublin, alikuwa mlevi tangu utoto. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliahidi kuacha pombe miezi 3 tu. Akairefusha ahadi ile, mwisho ikawa ya maisha. Hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitangaza kwamba fadhila zake zilikuwa za kishujaa. Alisaidiwa na Misa ya kila siku, sala na kazi. Basi, mama, usimfiche mumeo ugonjwa wake, wala usimtukane mbele ya watoto. Jirani, ukiwaita watu kulima, mpe mwenzako uji au togwa tamu, usimlazimishe kata ya pombe.

Nawe baba uliyeshika karatasi yenye hesabu zilizoshuka, mshukuru Mungu, kisha uirudishe nyumbani. Watoto wako ndio wanaostahili kuishangilia pamoja nawe, mezani kwako, ukiwa na akili timamu.