Sisimizi wa Kaharabu na Jasho la Mchimbaji



Juma lililopita, baada ya mafundisho ya vijana hapa Kigali, kijana mmoja alituonyesha picha katika simu yake. Ilikuwa ya sisimizi ndani ya kaharabu, kitu cha rangi ya asali, taya zake zimepinda kuelekea juu kama pembe, miguu yote ipo, utadhani amelala jana. Akauliza, "Mchungaji, ni kweli huyu ana miaka milioni 99?" Tulimjibu kwa kifupi. Swali lililotukosesha usingizi ni lingine, nalo ndilo tunaloliandika.

Kaharabu si jiwe hasa. Ni utomvu wa mti uliotiririka, ukanasa mdudu au jani au ua, kisha ukazikwa ardhini na kuwa mgumu. Watu wa pwani wanamjua ndugu yake mdogo, sandarusi. Katika karne ya 19 ilichimbwa Mrima, ikapelekwa Unguja, na kutoka huko ikavuka bahari mpaka Salem, Marekani, kutengeneza vanishi. Ndani yake pia huonekana nyuki na sisimizi, lakini sandarusi ni changa sana ikilinganishwa na kaharabu ya kijana wetu.

Hiyo inatoka bonde la Hukawng, jimbo la Kachin, kaskazini mwa Myanmar. Wataalamu walipima chembe ndogo zilizotoka katika volkano na kuzikwa pamoja nayo, ambamo urani hugeuka polepole sana kuwa risasi, wakapata hesabu ya miaka milioni 99 hivi. Mwaka 2016 walitangaza hata kipande cha mkia wa dinosaria, chenye manyoya kama ya ndege, kilichokuwa kimenunuliwa sokoni Myitkyina. Tunajua wapo kati yetu wanaokwazika wakisikia mamilioni hayo. Tutayazungumza siku nyingine, tena kwa upole, maana mdudu huyu hajamfukuza mtu kanisani.

Waliofukuzwa ni watu wa Kachin. Vita kati ya jeshi la nchi na wapiganaji wa Kachin vilianza upya mwaka 2011, na zaidi ya watu laki moja wakahama makwao. Mwezi wa Juni 2017 jeshi lilidondosha karatasi kutoka angani likiwaamuru raia waondoke katika eneo la machimbo ya kaharabu, kisha likayatwaa. Na tujue kwamba Wakachin wengi ni Wakristo, hasa Wabaptisti. Katika kambi zao wanaimba tenzi kama sisi, watoto wao wanapanga foleni ya maji kama wetu.

Hapa ndipo penye swali. Je, ni halali kufurahia kitu kizuri, na hata kupata elimu kwacho, kama kimetoka mahali ambapo wenyewe wamefukuzwa?

Wengi wetu tumetoka Kivu. Hatuhitaji kufundishwa jinsi utajiri wa ardhi unavyoweza kuwa sababu ya kulala porini. Na simu ile iliyotuonyesha picha, kama simu nyingi, ina madini ya tantalamu, yanayotokana na koltani. Hatujui yalitoka shimo gani. Tulimtazama sisimizi wa Kachin kwa kutumia kitu ambacho huenda kilitoka kwetu! Basi tukisema ni dhambi kumtazama, simu tuziweke wapi?

Mwezi wa Aprili 2020 chama kimoja kikubwa cha wataalamu wa masalia ya wanyama wa kale kiliwaandikia wahariri wa majarida, kikiomba wasichapishe habari za masalia yaliyotoka Myanmar tangu mwaka 2017. Wengine walipinga. Wote wawili tunawaelewa, maana sisi tumeyaona hayo nyumbani. Septemba 2010 serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Nia ilisemwa kuwa njema. Lakini mchimbaji mdogo aliyelipa karo ya mtoto kwa nyundo na beleshi alibaki mikono mitupu, na wenye bunduki wengi waliendelea kupata njia zao.

Tunamkumbuka Daudi alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Akakataa kuyanywa, akayamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu wale. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulidhani alikosa adabu: watu wamehatarisha maisha, nawe unamwaga? Sasa tunaona tofauti. Maji hayakuwa machafu. Na Daudi aliyamwaga akiwajua walioyaleta, wakiwa hapo hapo. Anayefunga soko akiwa mbali anamwaga jasho la mtu ambaye hakumwona kamwe, na anayenunua bila kuuliza anakunywa bila kumwona vilevile.

Kwa hiyo hatukumwambia kijana afute picha. Kujua jinsi sisimizi alivyokuwa si kosa. Lakini mwenye fedha, awe mtaalamu au muuza pete, hawezi kusema bei ndiyo habari yote aliyohitaji. Na jambo moja linatuuma: mdudu akipatikana hupewa jina la Kilatini, na jina la aliyemtambua huandikwa kando yake. Aliyeshuka kwa kamba katika shimo jembamba, makumi ya mita chini, shimo linaloweza kumfukia, haandikwi popote.

Kijana alirudi Jumapili iliyofuata. Hakuuliza tena habari za miaka. Aliuliza Kachin iko upande gani wa ramani, akaomba tuwataje katika sala ya jioni. Tuliwataja.