Midomo Inasali, Nyumba Iko Kimya



Jumapili asubuhi, kuanzia Makadara hadi Kayole, utawaona mabwana na mabibi wakiongozana na watoto wao kwenda Misa. Nguo zimepigwa pasi, sadaka iko mkononi. Hilo ni jambo jema, na tumshukuru Mungu. Lakini leo nawauliza: mkisharudi nyumbani na kufunga mlango, je, ninyi wawili husali pamoja? Au kila mmoja hufanya ishara ya msalaba, akageukia ukuta, akalala?

Tutoe mfano. Mume ameachishwa kazi kiwandani. Kwa aibu hamwambii mkewe. Kila alfajiri anavaa, anafuata Barabara ya Jogoo kwa miguu, anashinda mjini, na jioni anarudi kama mtu aliyetoka kazini. Mke naye amekopa katika chama ili alipe karo, wala hajamwambia mumewe. Jumuiya inapokutana kwao, mume anasoma Injili, mke anaongoza Rozari. Majirani wanawasifu. Lakini moyoni kila mmoja ni mkavu. Sala imekuwa kuhesabu shanga tu, na wote wawili wanajiuliza Mungu amekwenda wapi.

Mungu hakwenda popote. Ni kweli, hata watakatifu walipita katika ukavu wa sala bila kosa lao. Lakini hawa wawili wamemfungia Bwana nje ya shida yao wenyewe. Sala isiyogusa ukweli wa nyumba hugeuka mazoea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika waraka juu ya familia, Familiaris Consortio. Humo alifundisha kwamba sala ya familia hutoka katika maisha ya familia yenyewe: furaha na huzuni zake, matumaini yake, kuzaliwa na kufiwa. Miaka minne baadaye, Agosti 1985, alikuja hapa Nairobi kufunga Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, lililokuwa na mada ya Ekaristi na familia ya Kikristo. Tunaalikwa altareni kutoa maisha yetu. Basi kazi iliyopotea na deni la chama navyo viwekwe pale pamoja na mkate na divai.

Katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 2, Bwana analisifu Kanisa la Efeso kwa bidii na uvumilivu wake, lakini analiambia kwamba limeuacha upendo wa kwanza. Kisha analipa dawa ya mambo matatu.

Kwanza, kumbukeni. Siku ya harusi yenu, ninyi wenyewe ndio mliopeana sakramenti ile. Padre alipokea ahadi zenu kwa jina la Kanisa. Neema yake haijaisha.

Pili, tubuni. Chagueni saa tulivu, watoto wakiwa wamelala. Kila mmoja aseme lile alilolificha. Anayesikia asikimbilie kulaumu, kwani huenda naye ana lake. Kisha nendeni mkaungame kabla ya Jumapili.

Tatu, fanyeni tena matendo ya mwanzo. Kila usiku kaeni kitandani dakika tano. Kila mmoja amtajie Mungu jambo moja la siku hiyo kwa maneno yake mwenyewe, mwenzake akisikiliza. Malizieni kwa Baba Yetu. Ikiwa mnaishi chumba kimoja na pazia ndilo ukuta, nong'oneni. Mtoto akiwasikia, atajua kwamba sala si ya kuwafurahisha wageni wa jumuiya.

Na ikiwa mwenzako hataki, usimhubirie. Anza wewe, umtaje kwa upendo mbele ya Mungu, na umpe ukweli wako bila kungoja wake.

Usiku wa kwanza mtaona haya. Maneno yatakuwa machache, pengine machozi yatakuwa mengi. Msiogope. Deni halitalipika usiku ule, wala kazi haitapatikana. Lakini mtakuwa wawili mbele ya Mungu, kama mlivyoahidi, na Jumapili mtakapopiga magoti mtakuwa na jambo la kweli la kumwambia.

Mungu azibariki nyumba zenu. Amina.