JE, TUMBEBE NDUGU YETU AU TUMFANYIE NJIA?



Mara hii tunataka kuwaza pamoja juu ya jambo ambalo wengi wanadhani ni la fundi mwashi peke yake, yaani ngazi, milango na vyoo. Mkisoma mpaka mwisho mtaona ya kuwa ni jambo la roho pia. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye kilema akibebwa na ndugu zake kuingia katika nyumba ya Mungu, je, upendo wetu umetimia? Au kuna deni linalobaki?

Mimi ninayeandika nilikuwa katika kamati ya ujenzi wa hekalu letu. Fundi alituuliza msingi uinuke namna gani. Tulijibu, na mimi nilikuwa wa kwanza kujibu: uinuke sana, kusudi nyumba ya Mungu ionekane kutoka barabarani. Basi tukajenga ngazi tano, kila moja ya sentimita 16. Siku ya kufungua tulishangilia. Hakuna aliyewaza juu ya miguu ya mtu.

Baada ya miaka michache mama mmoja wa kwaya alipooza miguu yote miwili. Vijana wakasema, “Sisi tupo, tutakuwa tunambeba.” Kweli walimbeba kila Siku ya Bwana, na sisi tulimsifu Mungu kwa ajili ya upendo wao. Kisha mama yule akaacha kuja. Nilikwenda kumtembelea, nikamwuliza, “Mama, imani imepoa?” Akanyamaza kidogo, akasema: “Mzee, tangu jumamosi jioni sinywi maji, maana choo cha kanisa hakinipokei. Na katika vijana wale wanne, mmoja ni mkwe wangu. Mkwe wangu ananishika kiunoni mbele ya kanisa lote. Mimi sikukosa watu wa kunibeba. Nilikosa njia.”

Wapendwa, nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Sisi wote tunajua heshima iliyopo kati ya mama mkwe na mkwe wake. Upendo wetu ulikuwa wa kweli, lakini ulimvua yule mama heshima yake, na sisi hatukuona.

MANENO YA WANAOPINGA

Nilipolipeleka neno hili mbele ya wazee, nilisikia majibu matatu. Nayaandika hapa kwa sababu nayo yanatoka katika mioyo ya waaminifu, wala si ya kudharau.

Jibu la kwanza: “Sisi ni kanisa la maombi. Mungu anaponya viwete. Tukijenga njia ya vilema, si tunasema kwamba hawatapona?” Ndugu, mkulima anaomba mvua, na bado anashika jembe. Sheria ya Musa iliamuru katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo pembeni mwa dari, mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Aliyejenga ukuta ule hakukosa imani kwamba Mungu analinda. Alitii.

Tena tuangalie vizuri mahali kuponya kulikofanyika. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, tunaona kiwete aliyewekwa kila siku kwenye mlango wa hekalu. Alikuwa na watu wa kumbeba, lakini walimfikisha mlangoni tu. Aliingia siku aliyoponywa. Wengine wanachukua habari ile na kusema: kwanza upone, kisha uingie. Lakini someni Matayo, sura ya 21. Bwana alipokwisha kuwafukuza wafanya biashara, vipofu na viwete walimjia mule mule hekaluni, naye akawaponya. Waliingia wakiwa vilema bado. Walipata uzima ndani, si nje. Kama hekalu lile lingewafungia njia, wangeponywa wapi?

Na wasioponywa? Mefiboseti alikuwa kilema wa miguu yote miwili. Mfalme Daudi alimweka mezani pake, na sura ya 9 ya Samweli wa Pili inamaliza ikisema bado juu ya miguu yake. Daudi hakungoja miguu ipone kwanza ndipo ampe kiti.

Jibu la pili: “Hapa ni mahali patakatifu, tunavua viatu mlangoni. Magurudumu yanatoka katika matope ya barabara.” Hili ni swali la haki, na dawa yake ni beseni la maji na kitambaa. Kijana mmoja asimame mlangoni apanguse magurudumu na ncha za magongo. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Uchafu wa gurudumu unaoshwa kwa maji. Kumwacha ndugu uani, je, tutakuosha kwa nini?

Jibu la tatu: “Ni watu wawili au watatu tu, na pesa ya ujenzi ni kidogo.” Lakini tujihesabu. Mama mwenye mimba ya miezi nane, mzee mwenye maumivu ya magoti, mtoto anayejifunza kutembea, aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki: wote wanaziogopa ngazi zile. Katika inchi yetu polio ililemaza watoto wengi, na vita vimewakata wengine viungo. Na kila mmoja wetu, Mungu akimpa miaka mingi, siku moja atatafuta ukuta wa kushika. Tena, katika mwaka tuliojenga ngazi, hakuna aliyelia bei ya simenti yake.

MAMBO YALIYOTOKEA KWA WENGINE

Huko Marekani alikuwako mtu mmoja, Ronald Mace. Alipata polio akiwa na miaka tisa, akatembea na kiti cha magurudumu maisha yake yote. Alisomea kuchora majengo katika universite ya North Carolina State, na ilikuwa lazima abebwe kwenye ngazi ili afike darasani. Mtu huyu aliyebebwa ndiye aliyefundisha wachoraji kwamba nyumba ichorwe tangu mwanzo kwa ajili ya watu wote, si kwa wenye nguvu kwanza na wengine kuongezwa baadaye. Mwaka wa 1997 yeye na wenzake walitoa kanuni saba za ujenzi wa namna hiyo. Alikufa mwaka wa 1998.

Katika inchi ile ile, tarehe 12 Machi 1990, watu wenye ulemavu waliacha viti na magongo yao chini ya ngazi za jengo la Bunge huko Washington, wakapanda kwa kutambaa. Kati yao alikuwamo mtoto wa kike wa miaka 8, Jennifer Keelan. Tarehe 26 Julai ya mwaka ule sheria ikatiwa mkono: maduka, hoteli na nyumba za serikali zifungue njia kwa walemavu. Lakini sikieni vizuri, enyi watu wa Mungu: sheria ile iliziacha nje nyumba za ibada. Duka la mkate lililazimishwa, kanisa halikulazimishwa. Je, mtu asipotulazimisha, deni letu linakufa? Mimi naona linaongezeka. Mwenye duka anaogopa hakimu. Sisi tunasema kwamba tunatenda kwa upendo, basi tutende.

Kwetu Kongo pia neno limesemwa. Serikali ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoa sheria yake yenyewe ya kuwalinda.

Na msidhani ya kuwa watu hawa wanangoja sadaka tu. Pale Kinshasa, kwenye Beach Ngobila, walemavu wengi walifanya biashara kwa miaka mingi, wakivuka mto mpaka Brazzaville na kinga zao za miguu mitatu zilizojaa mizigo. Walikuwa wamepunguziwa bei ya kuvuka. Kwa njia hiyo moja iliyofunguliwa, wengi walilisha jamaa zao, na hata kuwapa kazi wenye miguu mizima wa kuwasukuma. Wale tuliozoea kuwaita waombaji walikuwa wamekosa njia, hawakukosa akili.

KAZI INAYOTUNGOJA

Kubeba si kubaya. Wale wanne waliomteremsha mwenye kupooza kwa kupasua dari, Bwana aliiona imani yao. Lakini walipasua dari kwa sababu watu waliziba mlango. Tusifu imani ya wale wanne, na tujiulize pia juu ya wale walioziba. Kubeba ni msaada wa siku ya shida. Siku nyingine zote ndugu anadai njia yake.

Basi, kila parokia ipime nyumba yake:

1. Njia ya mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi zetu tano zinapanda sentimita 80, basi njia inadai metre 9 na sentimita 60, pamoja na mahali pa kupumzikia katikati, pa metre moja na nusu. Sakafu ikwaruzwe, isiteleze wakati wa mvua. Kando kuwe na ukingo, na chuma cha kushika.

2. Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Kinga ya miguu mitatu ni pana kuliko kiti cha magurudumu. Ipimwe ile ya ndugu yenyewe, au iwekewe kivuli karibu na mlango.

3. Choo kimoja kiwe kipana, na cha kukalia, mlango ufunguke kwa nje, na chuma cha kushika ukutani.

4. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi nyeupe kwa ajili ya wenye macho hafifu.

5. Nafasi ya kiti iwe kati ya watu, si nyuma karibu na mlango. Mwimbaji akae na waimbaji.

6. Kabla ya kupima, waulizwe wenyewe. Sisi tulijenga bila kuuliza, na ninyi mmesikia matunda yake.

Kwetu salongo ya kupiga matofali ya njia hiyo imekwisha kuanza. Yule mkwe ndiye aliyekuja wa kwanza, na jembe lake. Mama bado hajarudi. Ametuambia kwamba ataamini atakapoona. Ana haki. Mtuombee tumalize kabla ya mvua, nanyi mwangalie mlango wenu.

Bwana awabariki. Amina.